Jasusi Aliyeidanganya Shajara Yake

Ujasusi ni kazi kongwe. Katika kitabu cha Hesabu, Musa anawatuma watu 12 kwenda kuipeleleza nchi ya Kanaani, mmoja kutoka kila kabila. Wanakaa huko siku 40, wanarejea na zabibu, makomamanga na tini, na wote wameiona nchi ile ile. Hata hivyo, kumi kati yao wanaleta habari za kutia hofu, ilhali wawili, Yoshua na Kalebu, wanasisitiza kwamba nchi hiyo inaweza kutwaliwa. Huko China, Sun Tzu, bingwa wa mambo ya vita anayesomwa hadi leo, aliitenga sura ya mwisho kati ya sura 13 za kitabu chake kwa ajili ya majasusi peke yao. Tangu zama hizo hadi zama hizi za setilaiti mengi yamebadilika katika kazi hii, lakini tatizo moja limebaki pale pale. Wa kwenda kuona hawakosekani. Kilicho kigumu ni kumjua wa kuaminiwa miongoni mwa wale wanaorudi na kusema wameona.

Tatizo hilo linatuhusu sisi Wakenya, na hasa walimu na wanafunzi wa historia, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Sehemu ya habari tulizo nazo kuhusu miaka ya mwanzo ya ukoloni katika nchi hii iliandikwa na mtu ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa upelelezi wa kijeshi mjini Nairobi, mtu aliyesifiwa duniani kwa ustadi wake wa kuwahadaa maadui. Jina lake ni Richard Meinertzhagen. Ndiye aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905. Ndiye pia aliyetusimulia jinsi alivyompiga. Yafaa basi maisha yake yatazamwe upya, kwani hapana mfano bora zaidi wa hatari ya kumwamini shahidi kwa sababu tu ameandika.

Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika ukoo wa matajiri wa benki ambao asili yao ilikuwa mji wa Bremen huko Ujerumani. Mama yake, Georgina Potter, alikuwa dada wa Beatrice Webb, mwanamke aliyepata umaarufu mkubwa katika siasa za kisoshalisti za Uingereza. Sehemu ya utoto wake ilipita Mottisfont, jumba la kale la mashambani katika jimbo la Hampshire, na huko ndiko alikojifunza kuwapenda ndege mapenzi ambayo hayakumtoka hadi kufa kwake. Alisomeshwa Harrow, shule ya watoto wa wakubwa. Baba yake alimtaka aendeleze kazi ya ukoo, naye akaijaribu, lakini moyo wake haukuwa kwenye hesabu za fedha. Mwaka 1899 aliingia jeshini, akapelekwa India.

Mnamo Mei 1902 aliteremka Mombasa akiwa afisa kijana wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Reli ilikuwa imefika ziwani miezi michache tu kabla ya hapo, na serikali ya kikoloni ilikuwa ndiyo kwanza inajaribu kuyatia mikononi mwake makabila ya bara. Kazi aliyopewa Meinertzhagen ilikuwa kuongoza askari katika misafara iliyoitwa ya kutia adabu. Mwaka huo huo wa 1902, katika nchi ya Wakikuyu, mzungu mmoja aliuawa na wanakijiji. Kwa maelezo yake mwenyewe, Meinertzhagen aliamuru kila kiumbe hai katika kijiji hicho kiuawe isipokuwa watoto. Mwaka 1904 alikuwa katika msafara mwingine dhidi ya Wakikuyu na majirani zao wa Embu. Baina ya vita na vita aliwinda, akakusanya ndege na wanyama. Nguruwe mkubwa wa msituni, ambaye wanasayansi wa Ulaya hawakuwa wakimjua ijapokuwa wenyeji walimjua tangu jadi, alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1904 kutokana na vielelezo alivyovipeleka London. Hadi leo mnyama huyo wa misitu yetu anaitwa Hylochoerus meinertzhageni.

Ndipo tunapofika Nandi. Kwa muda wa miaka kumi hivi, tangu mwaka 1895, Wanandi walikuwa wamekataa kutawaliwa. Walishambulia misafara, wakang'oa vyuma vya reli na kukata nyaya za simu, wakazigeuza silaha na mapambo. Kiongozi wao alikuwa Koitalel, Orkoiyot wao, mtu aliyeunganisha mamlaka ya dini na ya vita. Wanandi wanasimulia kwamba baba yake, Kimnyole, alikuwa ametabiri kuja kwa nyoka wa chuma mwenye kutoa moshi. Katika mwaka 1905 serikali iliandaa msafara mkubwa wa kuwavunja Wanandi moja kwa moja. Meinertzhagen aliamini kwamba msafara huo ungekuwa rahisi endapo Orkoiyot angeondolewa kwanza. Akapeleka ujumbe wa kuomba wakutane ili wazungumzie amani.

Walikutana asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1905. Dakika chache baadaye Koitalel alikuwa amelala chini amekufa, pamoja na zaidi ya watu ishirini wa msafara wake. Hilo hapana anayelipinga. Kinachopingwa ni namna lilivyotokea. Meinertzhagen alieleza kwamba pande mbili zilikuwa zimeafikiana kila mmoja aje na watu watano tu, lakini Koitalel akaja na kundi kubwa la watu wenye silaha huku wengine wakijificha vichakani. Kwamba alipompa mkono, Koitalel alimvuta ghafla ili auawe. Na kwamba yeye alifyatua bastola kujiokoa. Masimulizi ya Wanandi yanasema vingine. Kwa mujibu wa wazee wao, Orkoiyot alikwenda kwa amani, akanyosha mkono wa salamu, na katika salamu hiyo akapigwa risasi. Kisha kichwa chake kikakatwa na kuchukuliwa. Hata miongoni mwa Waingereza wenyewe walikuwapo waliomshutumu Meinertzhagen kwa hiana. Uchunguzi wa kijeshi ulifanywa zaidi ya mara moja, naye hakutiwa hatiani, lakini mwaka 1906 aliondolewa katika nchi hii. Aliondoka na fimbo za Koitalel. Zilikaa Uingereza kwa miaka 100, na hazikurejeshwa Kenya hadi mwaka 2006.

Kifo cha Koitalel kilivunja uti wa mgongo wa upinzani. Maelfu ya ng'ombe wa Wanandi walitekwa, vijiji vikachomwa, na watu wakasukumwa kutoka ardhi zao za karibu na reli hadi katika eneo walilotengewa. Yaani tukio la dakika chache lilizaa matokeo ambayo wajukuu wa watu hao wanayazungumzia mpaka leo. Ndiyo maana swali la nani alimhaini nani asubuhi hiyo haliwezi kuachwa liwe suala la porojo.

Meinertzhagen alirudi Afrika Mashariki mwaka 1914 kwa mlango mwingine. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Uingereza ilituma kutoka India jeshi la watu wapatao 8,000 kwenda kuuteka mji wa Tanga, katika koloni la Wajerumani. Yeye alikuwamo, akiwa afisa wa upelelezi. Vita vya Tanga, vilivyopiganwa mwanzoni mwa mwezi wa Novemba, ni somo la namna upelelezi unavyoweza kukosekana kabisa. Waingereza hawakujua idadi ya adui wala sura ya nchi waliyotaka kuiteka. Wao wenyewe hawakuficha lolote: habari za msafara zilikuwa zimezagaa bandarini, na manowari iliyotangulia ilimtaarifu afisa wa Kijerumani mjini humo kwamba vita vingeanza baada ya saa moja. Vita havikuanza baada ya saa moja. Muda uliofuata ulimtosha kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kuwaleta askari wake kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi. Kwa jeshi la watu wapatao 1,000 tu, wengi wao wakiwa askari wa Kiafrika, aliwashinda wavamizi. Nyuki nao walitoka mizingani wakaongeza vurumai. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kwa kuuawa na kujeruhiwa, wakatweka nanga na kuacha ufuoni bunduki kwa mamia na risasi kwa malaki.

Baada ya aibu hiyo, mwanzoni mwa mwaka 1915, Meinertzhagen alikabidhiwa upelelezi wote wa kijeshi wa Uingereza katika Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Alijenga mtandao wa watu waliovuka mpaka na kuingia kambi za Wajerumani. Njia yake mashuhuri kuliko zote ilikuwa ya kinyaa. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na maafisa wa Kijerumani walikuwa na upungufu wa kila kitu, karatasi za chooni zikiwamo. Kwa hiyo walitumia barua zao, hati za mahesabu na hata maandishi ya kijeshi. Wapelelezi waliziokota karatasi hizo vyooni, zikasafirishwa Nairobi, zikasafishwa na kusomwa. Kwa njia hiyo Meinertzhagen alijipatia majina, saini na mipango ya adui. Alisimulia pia jinsi alivyomwangamiza Mwarabu mmoja aliyekuwa akiwapasha Wajerumani habari: alimwandikia barua ya shukrani iliyoambatana na fedha, kana kwamba alikuwa mtu wake, akahakikisha kuwa barua hiyo inanaswa. Wajerumani, anasema, wakamuua Mwarabu huyo wenyewe.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya vita hulipita mbio. Nani alikwenda vyooni? Nani alilala vichakani akihesabu askari na mizinga? Si Meinertzhagen. Walikuwa Waafrika, wapagazi, watumishi wa kambini na wachuuzi, watu wa pande zote mbili za mpaka, na kilichowawezesha kupita bila kushukiwa kilikuwa, pamoja na mengine, lugha. Wajerumani walikuwa wakiendesha utawala na shule zao kwa Kiswahili. Askari wao walizungumza Kiswahili. Askari wa Keya vile vile. Katika vita hivyo mtu aliyekijua Kiswahili aliweza kukaa katika moto wa kambi yoyote, akasikiliza, akaondoka. Maelfu ya kurasa zimeandikwa kuhusu ujanja wa afisa aliyekaa Nairobi, ilhali waliohatarisha shingo zao hawakuachiwa hata majina. Anayeandika taarifa ndiye anayebaki katika historia. Aliyeileta hufutika.

Mwaka 1916 alimtumikia Jenerali Smuts, aliyekuja kuongoza majeshi ya Uingereza, hadi maradhi yalipomwondoa vitani. Mwaka 1917 alipelekwa Palestina kwa Jenerali Allenby, na huko ndiko jina lake lilikopata umaarufu wa dunia. Waingereza walikuwa wameshindwa mara mbili mbele ya Gaza, mwezi wa Machi na wa Aprili. Allenby alikusudia sasa kupiga Beersheba, upande wa pili, lakini alitaka Waturuki na washauri wao wa Kijerumani waamini kwamba shabaha ni Gaza tena. Tarehe 10 Oktoba, afisa mmoja wa Kiingereza aliyepanda farasi aliwasogelea Waturuki, akafukuzwa kwa risasi, akajifanya amejeruhiwa, akaangusha mkoba. Ndani yake mlikuwa na fedha, barua za kibinafsi na hati za kijeshi za uongo zilizoonyesha kwamba Beersheba ingeshambuliwa kwa hadaa tu. Mnamo tarehe 31 Oktoba Beersheba ilitekwa, na kabla ya mwaka kwisha Allenby aliingia Yerusalemu. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mbunifu wa hila hiyo na mpanda farasi aliyeitekeleza alikuwa mtu mmoja, Meinertzhagen. Yeye ndiye aliyesema hivyo.

Baada ya vita alikuwamo katika ujumbe wa Uingereza kwenye mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919, kisha akawa afisa mkuu wa siasa katika Palestina, akiwa mtetezi mkubwa wa Uzayoni, mpaka alipoondolewa mwaka 1920. T. E. Lawrence, aliyemfahamu vizuri, alimwelezea katika kitabu chake mashuhuri kuwa mtu aliyefurahia kumhadaa adui na hata rafiki. Huenda Lawrence alikusudia kumsifu. Sisi tunaoyasoma maneno hayo leo tunayaona kuwa onyo. Mwaka 1928 mke wake wa pili, Anne Constance Jackson, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi ya bastola nyumbani kwao Scotland wakati mume wake yupo. Ilitangazwa kuwa ajali. Wapo waliotilia shaka, lakini hakuna kilichowahi kuthibitishwa mahakamani, nasi tusiseme zaidi ya hapo.

Katika uzee wake alianza kuchapisha. Shajara ya Kenya ilitoka mwaka 1957, ya Mashariki ya Kati mwaka 1959, ya jeshini mwaka 1960. Makabrasha yenyewe yako Oxford, mabuku mengi yaliyopigwa chapa kwa taipureta, na kwa miaka mingi watafiti waliyachota kama maji ya kisima. Ndani yake mna mambo ya ajabu. Anasema kwamba alishiriki kumwokoa binti mmoja wa mfalme wa Urusi kwa ndege mwaka 1918. Anasema alikutana na Hitler mara tatu, na mara moja alikuwa na bastola mfukoni. Anasema kwamba mwaka 1948, akiwa mzee wa miaka 70, aliteremka melini huko Haifa na kuingia vitani pamoja na Wayahudi. Alifariki London tarehe 17 Juni 1967, umri wake miaka 89, akiwa na heshima zake zote.

Walioanza kumvua joho hilo hawakuwa wanahistoria wa vita. Walikuwa wataalamu wa ndege. Mwaka 1954 alikuwa ameipa Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London hazina ya ngozi za ndege zipatazo 20,000, kila moja ikiwa na kibandiko cha mahali na tarehe. Minong'ono ilikuwapo tangu zamani. Hata makumbusho hayo yaliwahi kumfungia mlango wa chumba cha ndege mwaka 1919 kwa kutoa vielelezo bila ruhusa. Lakini ni mwaka 1993 ndipo Alan Knox alipochapisha makala ya kitaaluma akionyesha kwamba palikuwa na udanganyifu. Kisha Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones wakazichunguza ngozi kwa mamia, nyingine kwa eksirei. Waligundua kwamba kila mkusanyaji wa ndege ana namna yake ya kuchuna, kujaza pamba na kushona, kama vile kila msemaji alivyo na lafudhi yake. Ngozi nyingi zilizobeba jina la Meinertzhagen zilikuwa na lafudhi za watu wengine. Alikuwa ameziiba katika makumbusho, akaziandikia mahali papya na tarehe mpya.

Madhara yake hayakuwa madogo. Kulikuwa na bundi mmoja mdogo wa misitu ya India ambaye hakuna mtaalamu aliyekuwa amempata tangu mwaka 1884, ila Meinertzhagen, aliyedai kumpata Gujarat mwaka 1914. Waliomtafuta bundi huyo walielekezwa na kibandiko hicho. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ngozi hiyo ilikuwa ya James Davidson, aliyeipata katika karne ya 19 mahali pengine kabisa. Rasmussen na wenzake waliutupa ushahidi wa uongo, wakaenda yalikotoka vielelezo vya kweli, na mnamo Novemba 1997 wakamwona bundi huyo akiwa hai katika jimbo la Maharashtra. Kumbe uongo ulioandikwa kwa mkono mmoja ulikuwa umewapotosha watafiti wasijue pa kumtafuta kiumbe aliyekuwa hai muda wote huo.

Shajara nazo zikafuata njia ya ndege. Mwaka 1995 J. N. Lockman alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kurasa kadhaa zilipigwa chapa na kuingizwa miaka mingi baada ya tarehe zilizobeba. Mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima cha kuyapima maisha hayo. Hata ule mkoba wa Beersheba ulimponyoka: imedhihirika kwamba wazo lilikuwa la afisa mwingine wa makao makuu ya Allenby, J. D. Belgrave, na mpanda farasi alikuwa Arthur Neate. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya huyu ilichukua miaka mingi, lakini nayo ilifika mwisho.

Sasa turudi nyumbani. Katika shajara yake ya Kenya, Meinertzhagen anajionyesha akimwonya Sir Charles Eliot, kamishna wa wakati huo, kwamba nchi hii ni ya Waafrika na kwamba iko siku wageni na wenyeji watagongana. Maneno hayo yamebeba tarehe za mwanzo wa karne. Yamewahi kunukuliwa kama utabiri wa ajabu. Lakini tukumbuke kwamba kitabu kilichapishwa mwaka 1957, miaka mitano baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari, vita vya Mau Mau vikiwa vimekwisha kutikisa dunia. Huenda aliyaandika kweli mwaka 1902. Huenda aliyaandika baadaye akiwa mezani kwake London. Maadamu tumekwisha kujua alichokifanya kwa ndege na kwa mkoba, tarehe iliyoandikwa juu ya ukurasa haitoshi tena kutushawishi.

Na kama utabiri huo hauna dhamana, seuze ile habari ya Oktoba 1905, ambayo mwandishi wake alikuwa na kila sababu ya kujitetea? Wapo watakaosema kwamba haidhuru, kwani Koitalel alikufa na aliyemuua anajulikana. Inadhuru. Hadithi ya kujiokoa inamfanya Koitalel kuwa ndiye mhaini aliyevunja ahadi ya amani. Anakuwa ameuawa mara mbili, kwanza kwa risasi na pili kwa taipureta.

Sisi tunaoshughulika na taaluma ya lugha tunalo la kuwaambia walimu wa historia hapa. Msamiati wa vitabu vyetu bado ni msamiati wa ripoti za maafisa hao. Tunaandika kwamba Wanandi walitulizwa, kwamba misafara ilitumwa kuwatia adabu, kwamba fujo zilikomeshwa. Maneno hayo si mavazi matupu ya habari. Ni ushahidi wa upande mmoja uliopenya katika sarufi yetu. Anayesema Wanandi walitulizwa amekwisha kukubali, bila kujua, kwamba wao ndio walioanza ghasia.

Sisemi shajara hizo zitupwe. Mwongo naye huonyesha mengi, na si kila alilosema Meinertzhagen ni uongo. Nguruwe wa msituni yupo. Mauaji ya vijiji yalitokea. Wala sisemi kwamba masimulizi ya wazee yapokewe kama wahyi. Simulizi nazo hukua na kupungua kinywa hadi kinywa. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi afundishwe kuzipima habari zote mbili kwa mizani moja, kama afisa wa upelelezi makini anavyopaswa kupima taarifa iliyomfikia. Nani ameleta habari hii? Alikuwapo? Aliiandika lini, siku ile au miaka 50 baadaye? Ananufaika vipi tukimwamini? Na yule anayetuhumiwa katika habari hiyo, alipata nafasi ya kujibu? Mwalimu anayeweza kuwafanya wanafunzi wa kidato cha pili waulize maswali hayo mbele ya ukurasa mmoja wa kitabu amewafundisha zaidi kuliko yule aliyewakaririsha tarehe 30.

Leo fimbo zimerudi, na Koitalel ana makumbusho yake huko Nandi Hills. Hilo ni jema, lakini fimbo haisemi. Waswahili wana msemo kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Koitalel hakuwapo katika chumba cha uchunguzi wa kijeshi, wala hakuwapo London mwaka 1957 kitabu kilipokuwa kikipigwa chapa. Wazee waliopokea habari zake kutoka kwa baba zao wanazidi kupungua kila mwaka, na wanafunzi wetu wana kalamu na vinasa sauti. Kazi hiyo haihitaji jasusi. Inahitaji mwalimu atakayewatuma, na wanafunzi watakaoandika walichoambiwa, siku waliyoambiwa na jina la aliyewaambia, bila kuongeza chao.